Kusikia Sauti Bila Kupata Maneno

Mtu ambaye usikivu wake unapungua mara nyingi hasemi kwamba hasikii. Husema kwamba watu wa siku hizi wanamumunya maneno, kwamba watangazaji wa redio wamekuwa na haraka, kwamba wajukuu hawakufundishwa kufungua midomo wanapozungumza na wakubwa. Anasema kweli kama anavyoiona, kwa sababu sauti zenyewe zinamfikia, na kinachompotea ni ile sehemu ndogo ya sauti inayotenganisha neno moja na jingine. Nimeishi na hali hii kwa miaka mingi, tangu nilipokuwa nikisahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapishaji hapa Nairobi, kwenye Eneo la Viwanda, na sasa navaa vifaa vya kusaidia kusikia katika masikio yote mawili. Ninaandika kwa ajili ya walio kama mimi, na zaidi kwa ajili ya wanaoishi nao, kwa kuwa nusu ya kazi ya kuimudu hali hii iko kwa watu ambao masikio yao ni mazima.

Sauti ikiingia sikioni hupiga kiwambo, nacho kiwambo huvitikisa vifupa vitatu ambavyo ndivyo vidogo kuliko mifupa yote mwilini, navyo hupeleka mtikisiko huo ndani ya koklea, mfereji mwembamba uliojikunja kama gamba la konokono na kujaa majimaji. Ndani ya koklea mmepangwa seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kwa kila sikio, kila eneo likishughulikia sauti za aina yake: zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, na zilizo mwishoni kabisa hupokea sauti nene. Seli hizi tunazaliwa nazo na hatupewi nyingine. Kuku na ndege wengine huotesha upya seli za sikio zilizokufa, jambo ambalo watafiti waligundua katika miaka ya 1980 na ambalo limewapa matumaini tangu wakati huo, lakini sikio la binadamu halina uwezo huo, na kwa hiyo kila seli inayokufa kwa kelele, kwa dawa, kwa ugonjwa au kwa umri imekwenda moja kwa moja.

Zinazotangulia kufa kwa kawaida ni zile za mlangoni, za sauti nyembamba. Hapo ndipo lilipo fumbo linalowatatiza watu wa nyumbani. Irabu zetu, a, e, i, o na u, zina nguvu nyingi katika sauti nene, nazo ndizo zinazobeba ukubwa wa sauti ya msemaji. Konsonanti kama s, f, sh, ch, t na k ni hafifu, na sehemu kubwa ya utambulisho wake iko katika sauti nyembamba. Mtu aliyepoteza sauti hizo husikia irabu vizuri na kuyabahatisha yaliyosalia. Pika, fika na shika humfikia kama neno moja. Sitini na tisini zina irabu zilezile kwa mpangilio uleule, hivi kwamba abiria aliyeambiwa nauli na makanga, injini ikinguruma na muziki ukicheza, hana njia yoyote ya kujua atoe kiasi gani isipokuwa kutazama midomo au kuuliza tena. Ukimpigia kelele unaziongeza irabu, ambazo tayari alikuwa anazisikia, na konsonanti zinabaki palepale zilipokuwa. Ndiyo maana babu anaweza kusema hakusikia, kisha sauti ikipandishwa akalalamika kwamba anafokewa, na yote mawili yakawa ni kweli. Ndiyo maana pia huielewa sauti ya mwanawe wa kiume kwa urahisi kuliko ya mjukuu wa miaka mitano, na wenye nyumba wakadhani anachagua wa kumsikiliza.

Mji wetu una sehemu yake katika jambo hili. Mtu yeyote aliyepita Kamukunji mchana, mafundi wa jua kali wakinyoosha mabati na kufua masanduku ya chuma kwa nyundo, anajua sauti ninayoizungumzia, na anaweza kukadiria inavyokuwa kwa fundi aliyekaa pale tangu ujana wake. Kuna matatu zenye spika chini ya viti, kuna makanisa yanayokesha na vipaza sauti katika chumba kidogo cha mabati, kuna vilabu, mashine za kusaga, karakana za useremala na mashine za uchapishaji kama zile zilizokuwa upande wa pili wa ukuta wangu. Kipimo cha ukubwa wa sauti ni desibeli, na tabia yake inapaswa kueleweka kwa sababu inawadanganya wengi: kila desibeli 3 zinazoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu. Wataalamu wengi wa afya kazini huchukulia desibeli 85 kwa saa 8 kuwa ndicho kiasi ambacho sikio lisizidishiwe, na kwa hesabu hiyo desibeli 88 zinavumilika kwa saa 4, desibeli 91 kwa saa 2, na desibeli 100 kwa dakika 15 tu. Dalili ya karibu haihitaji mashine: kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, basi mahali hapo panakuumiza. Dalili nyingine ni mlio unaobaki masikioni baada ya kutoka, ambao wengi huuchukulia kuwa ni uchovu wa kawaida.

Kenya ina kanuni za mwaka 2005 zinazohusu kelele mahali pa kazi. Zinakataza mfanyakazi kukabiliwa na wastani wa zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8, na kelele ikizidi desibeli 85 mwajiri anatakiwa kuwa na mpango wa kuyalinda masikio ya watu wake, ukiwemo upimaji wa usikivu na vikinga masikio. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 nazo zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Naziheshimu kanuni hizi, ila naona kikomo cha 90 kimewekwa juu mno, kwa kuwa nguvu ya sauti ya desibeli 90 inazidi mara tatu ile ya desibeli 85. Tena fundi aliyejiajiri hana mwajiri wa kumpa kikinga wala wa kumpeleka kupimwa. Vikinga vya sponji vinavyosokotwa na kuingizwa sikioni ni vya bei nafuu na vinauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ningependa kuviona masikioni mwa kila fundi wa Kamukunji, kwa sababu pamba ya kawaida ambayo wengi huitumia huzuia sauti kidogo sana.

Vijana nao wana hatari yao ndogo wanayotembea nayo mfukoni. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya vipokea sauti vya masikioni isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu, na katika matatu yenye muziki ushauri huo haufuatiki, kwani msikilizaji hupandisha sauti yake ili iishinde ile ya gari.

Si kila usikivu unaopungua umepotea, na kwa hilo nasisitiza kwamba hatua ya kwanza ni kutazamwa sikio kabla ya kufikiria kifaa chochote. Nta iliyoziba inaweza kumfanya mtu mzima aonekane kiziwi, na ikiondolewa na muuguzi au daktari anarudi nyumbani akisikia. Vijiti vya pamba huisukuma nta ndani zaidi na vimewatoboa watu viwambo. Sikio lina namna yake ya kujisafisha, na linachohitaji ni kufutwa kwa nje tu. Watoto wanaotokwa na usaha masikioni, jambo ambalo katika mitaa yetu limezoeleka kiasi cha kuonekana kama mafua, wana ugonjwa unaotibika na ambao ukiachwa hutoboa kiwambo, hula vile vifupa vitatu, na mara chache hufika kwenye ubongo. Sikio lenye usaha lipelekwe kliniki, likaushwe, lisiingizwe maji wakati wa kuoga, na lisitiwe mafuta ya moto wala maji ya kitunguu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuilika. Chanjo zimo ndani ya hesabu hiyo: ile ya nimonia, inayozuia pia baadhi ya homa za uti wa mgongo, iliingizwa katika ratiba ya watoto wa Kenya mwaka 2011, na ile ya surua pamoja na rubela mwaka 2016. Mtoto aliyepona homa ya uti wa mgongo apimwe masikio mapema bila kusubiri kuona kama atachelewa kuongea, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuifanya koklea igeuke mfupa ndani ya muda mfupi, na hapo hata upasuaji huwa mgumu.

Zipo dawa pia zinazodhuru usikivu. Jentamisini, streptomaisini na amikasini, ambazo zimeokoa maisha ya wengi, zinaweza kuua seli za koklea. Vivyo hivyo sisplatini inayotibu saratani. Kwinini na aspirini kwa kiwango kikubwa huleta mlio na kufifisha usikivu, lakini athari hiyo mara nyingi hupungua dawa inaposimamishwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri sindano za kanamaisini na kapriomaisini zisitumike tena kwa kifua kikuu sugu, na madhara kwa masikio yalikuwa miongoni mwa sababu. Mgonjwa asiache dawa kwa kuogopa. Amwambie daktari mapema kama ana mlio au anaona usikivu unabadilika, ili apimwe wakati matibabu yanaendelea.

Kuna hali moja ambayo ningependa kila mtu aijue. Mtu anaweza kuamka asubuhi sikio moja halisikii, au likafa ndani ya saa chache, pengine likiwa na mlio au kizunguzungu, bila maumivu yoyote. Wengi hudhani ni mafua au maji yameingia, wakasubiri wiki kadhaa. Hiyo ni dharura. Daktari wa masikio, pua na koo anaweza kuanzisha dawa za steroidi, ambazo zina nafasi nzuri ya kusaidia zikitolewa katika siku za mwanzo na ambazo baada ya wiki chache faida yake hupungua sana. Mtu wa namna hiyo aende hospitali siku hiyohiyo, na akiambiwa arudi mwezi ujao aeleze wazi kwamba sikio limekufa ghafla.

Upimaji wenyewe hauumi. Unaketi katika chumba kisichopitisha sauti, unavaa vipokea sauti, na unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio hata ukiwa hafifu vipi. Matokeo huchorwa katika chati kuanzia sauti nene za hezi 250, yaani mitikisiko 250 kwa sekunde, upande wa kushoto hadi nyembamba za hezi 8,000 upande wa kulia, sikio la kulia likiwa na alama za duara jekundu na la kushoto zikiwa za msalaba wa buluu. Kadiri alama zinavyoshuka chini ndivyo usikivu ulivyopungua, na Shirika la Afya Duniani huhesabu usikivu kuwa wa kawaida mtu akisikia milio isiyofika desibeli 20. Chati ya mtu aliyeumizwa na kelele huwa na bonde karibu na hezi 4,000, na yangu inalo. Pia hupimwa kwa kifaa kinachotikisa mfupa nyuma ya sikio, kikiruka kiwambo na vile vifupa, ili ijulikane kama tatizo liko njiani au ndani ya koklea na mshipa wa fahamu unaoiunganisha na ubongo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama dawa au upasuaji utafaa, au ni kifaa kinachohitajika. Omba nakala ya chati yako na uihifadhi, kwa sababu chati ya leo ndiyo itakayoonyesha miaka ijayo kama umeshuka.

Kifaa kilichotengenezwa kwa chati yako hakikuzi sauti zote sawasawa. Hukuza zaidi zile zilizokupotea na kuziacha nyingine, na hapo ndipo kinapotofautiana na vikuza sauti vya bei rahisi vinavyouzwa barabarani na mtandaoni, ambavyo hupandisha kila kitu, hata mlango unaogongwa. Bei ya vifaa vya kweli hapa Nairobi huanzia makumi ya maelfu ya shilingi kwa sikio moja, na sitajaribu kulifanya jambo hilo lionekane dogo kwa familia nyingi. Kwa anayestahili, Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu husajili watu baada ya kutathminiwa hospitalini na hupokea maombi ya vifaa saidizi, na mzazi wa mtoto asiyesikia asione haya kulifuata. Kabla ya kununua, uliza kama bei inajumuisha kurudi kurekebishiwa, kwa kuwa marekebisho yatahitajika. Uliza pia betri zinapatikana wapi. Betri za zinki huanza kufanya kazi kibandiko kinapong'olewa na hewa kuingia, na hudumu kwa siku kadhaa hadi wiki mbili au zaidi kidogo kulingana na ukubwa wake. Jasho na mvua ni maadui wa kifaa, kwa hiyo usiku kilale katika kopo lenye vidonge vya kukausha unyevu.

Siku za kwanza hazipendezi. Karatasi hukwaruza, maji ya mfereji hunguruma, na sauti yako mwenyewe hukurudia kana kwamba unasemea ndani ya pipa. Wengi huvivua hapo na kuvifungia kabatini, wakasema havifai. Ubongo uliokaa miaka bila sauti hizo unahitaji wiki nyingi, wakati mwingine miezi, kujifunza tena kuzipuuza zile zisizo na maana. Dawa yake ni kuvivaa kila siku, kuanzia chumba kimya na mtu mmoja, kisha mezani na familia, na mwisho mahali penye watu wengi. Hata baada ya kuzoea, havirudishi usikivu wa ujanani. Katika kelele ya soko la Gikomba bado ninatazama midomo. Kwa aliyepoteza karibu usikivu wote, kuna kipandikizi cha koklea, ambacho waya wake hutiwa ndani ya koklea kwa upasuaji na kuusisimua mshipa moja kwa moja. Gharama yake inazidi shilingi milioni moja, na kinataka mazoezi marefu baadaye.

Watu huuliza kama kuna haja ya kujisumbua katika umri mkubwa. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, limeuweka upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Utafiti uliofanyika Marekani kwa wazee 977 wa miaka 70 hadi 84, uliochapishwa mwaka 2023, haukuona tofauti kwa kundi lote baada ya miaka mitatu ya kutumia vifaa. Hata hivyo, kwa wale waliokuwa katika hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kufifia kwa akili kulipungua kwa karibu nusu. Sitaahidi kwamba kifaa kitamkinga mtu. Ninachokiona mwenyewe ni kwamba asiyepata maneno huacha kwenda chama, huacha mazishi na harusi, huketi pembeni akitabasamu wengine wanapocheka, na upweke wa aina hiyo hauhitaji utafiti ili uonekane kuwa ni madhara.

Na hapa narudi kwa walio na masikio mazima. Mwiteni mtu kwa jina kwanza, mngoje macho yenu yakutane, ndipo mseme. Msizungumze mkiwa mmempa mgongo jikoni wala mkiwa na mkono mdomoni. Zimeni redio na televisheni mnapotaka kusema naye jambo. Asipoelewa, msirudie sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi, bali ibadilisheni: kama hakupata "atafika saa tisa", semeni "anakuja mchana, saa tisa", na kama ni nambari au tarehe, iandikeni au mwonyesheni kwenye simu. Simu za Android zina programu ya bure ya Google inayogeuza maneno kuwa maandishi papo hapo, nayo inaelewa Kiswahili kiasi cha kusaidia, ingawa Kiswahili kikichanganywa na Kiingereza na Sheng hupotea njia. Zaidi ya yote, mama anapouliza mlichokuwa mkicheka, msimjibu "wacha tu, si kitu". Mwambieni, hata kama ni upuuzi, kwa sababu kwake jibu hilo lina maana ya kwamba yeye si sehemu ya mazungumzo.

Kwa watoto waliozaliwa bila kusikia au waliopoteza usikivu kabla ya kupata lugha, kusubiri kunagharimu kuliko popote pengine. Miongozo ya kitaalamu hutaka mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, athibitishwe kabla ya miezi mitatu, na aanze kusaidiwa kabla ya miezi sita, kwa kuwa miaka ya mwanzo ndiyo ubongo unapojenga lugha. Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo, asiyegeukia sauti ya mama akiwa na miezi sita, au asiye na neno hata moja anapokaribia miaka miwili apelekwe hospitali, na mama akatae kuambiwa kwamba wa kiume huchelewa. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili, na mtoto anaweza kuipata akiwa na kifaa au bila kifaa. Katiba ya mwaka 2010 imeitaja pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Bunge, na inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Naona uchungu familia inapomzuia mtoto kujifunza ishara kwa kuogopa kwamba hataongea, akabaki miaka kadhaa bila lugha ya aina yoyote.

Jambo ninaloliomba kwa ofisi zetu ni dogo na halina gharama kubwa. Katika hospitali, benki na vituo vya serikali vya Huduma, zamu bado huitwa kwa mdomo mahali pengi, kutoka nyuma ya kioo, na asiyesikia jina lake hupitwa na kurudishwa mwisho wa foleni. Ubao wenye nambari unatosha, au karani anayenyanyua kadi juu. Palipo na skrini ya televisheni inayoonyesha sinema siku nzima, waitumie kuonyesha nambari ya anayeitwa.